Wageni Wakisifu Chai

Juni 4

Zimefika. Uchochoro wetu hapa Phú Nhuận haupitishi lori, kwa hiyo wabebaji walizitoa barabara kuu mabegani, mvua ya kwanza ya msimu inawatonyea, na mimi nyuma yao na mwavuli. Mwavuli wa spika, si wangu. Nimelowa chapachapa na sijali hata kidogo. Spika za Denmaki, nyeusi, zinang'aa, zinanifika begani. Miaka yote nimezitamani kwenye picha, mwaka huu nikauza gari. Diệp, mke wangu, amesema kuanzia sasa atanipakia kwenye pikipiki yake kama gunia.

Mama alitoka jikoni na karela mkononi, akazitazama juu mpaka chini, akauliza nani amekufa. Nikamweleza ni spika. Akasema kwake yeye hayo ni majeneza mawili yaliyosimama, akarudi kwenye sufuria yake.

Nimeziweka sebuleni, moja kulia na moja kushoto kwa meza ya baba. Pengine pa kuziweka hakuna, maana ukuta mkubwa ni wake tangu alipofariki: meza yake ndefu ya mbao ya kuchonga, picha yake, vinara, sahani ya matunda, vitambaa, na bakuli la majivu ya ubani. Kila asubuhi mama anamwashia kijiti na kumpa habari za nyumba. Mimi ndiye mwana wa kwanza, kwa hiyo baba anakaa kwangu. Sijawahi kulifikiria sana jambo hilo.

Juni 5

Kwenye jukwaa letu la wenye spika, huko mtandaoni, nimeandika: "Maoni ya mmiliki, siku ya kwanza. Zinaimba." Uongo mtupu. Ukweli nauandika hapa: zinasikika kama mtu anayeongea akiwa chini ya godoro.

Najua, najua. Spika mpya ni ngumu kama viatu vipya, lazima uzitembelee. Unapiga muziki asubuhi mpaka jioni, wiki baada ya wiki, mpaka zilainike. Kaka Vĩnh, mkubwa wa kundi letu, hachoki kutuambia: asitoe mtu hukumu kabla ya miezi miwili kupita.

Juni 11

Mvua saa tisa. Santuri ileile ya siku ya kwanza.

Juni 17

Santuri ileile. Ni ya mwanamke mzee anayeimba na kinanda cha nyuzi, basi. Kabla ya ubeti wa pili anavuta pumzi. Kwa kaka Vĩnh pumzi ile unaisikia katikati ya spika mbili, mahali hasa mdomo ulipo, nywele zinakusimama. Kwangu anaanza ubeti wa pili kama hana mapafu.

Mama ameuliza kama huyu mama hana wimbo mwingine.

Juni 29

Leo kundi lilikuja, na natamani wasingekuja.

Jumapili moja kila mwezi tunakwenda kwa mmoja wetu, tunakaa, tunasikiliza. Tuna adabu yetu ambayo hakuna aliyeiandika popote: humkosoi mtu spika zake chini ya paa lake. Zikiwa nzuri, watu wananyamaza, kisha wanaomba santuri nyingine. Zikiwa mbaya, wanasifu chai. Mimi mwenyewe nimeshasifu chai za watu. Kuna bwana mmoja nilimsifia chai yake kwa maneno matamu hata akauza kila kitu akaanza kufuga ndege.

Nilijua ni mapema mno. Lakini Bửu, mcheshi wa kundi, alikuwa ameshatangaza jukwaani kwamba Khiêm, yaani mimi, ana Wadenmaki, na nani angekubali kuonekana mwoga? Kaka Vĩnh akapewa kiti cha katikati, akafumba macho. Nikaweka santuri. Mwanamke akaimba, kinanda kikalia, pumzi haikuja. Nikaona kidole cha kaka Vĩnh kimesimama juu ya goti. Mtu akifurahi kidole kile hucheza.

Wimbo ukaisha. Akafumbua macho, akachukua kikombe, akanusa.

"Khiêm," akasema, "hii chai ya yungiyungi kaitengeneza nani?"

Nikasema mama. Akasema ina harufu ya bwawa asubuhi. Mwingine akasema haijawahi kutokea chai kama hii. Bửu, ambaye hanyamazi hata akilala, akainamia kikombe chake akanyamaza. Wakanywa birika zima, wakaaga. Mama aliwasindikiza mpaka mlangoni kwa furaha, akijua wamependa chai, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Julai 2

Nimepata kiini. Ni meza ya baba. Kila mwenye spika anajua kwamba kitu kikubwa kikisimama katikati ya spika mbili kinamziba mwimbaji. Mwanamke wa watu anaimba akiwa amefungiwa kwenye kabati, pumzi itapita wapi?

Nilimweleza Diệp wakati wa chakula, pamoja na habari yote ya chai na maana yake. Akaweka vijiti vyake chini. Akaniambia mama yuko jikoni na amesikia kila neno, na kwamba nisithubutu kuigusa meza ile kabla ya kumuuliza mama, na kumuuliza baba mwenyewe. Baba anaulizwa kwa sarafu mbili: unawasha ubani, unasema haja yako, unazirusha kwenye sahani. Moja ikilala uso na moja mgongo, amekubali. Zikilingana, amekataa. Unaruhusiwa mara tatu.

Nikamwambia sina muda wa sarafu. Sababu ya kweli ni kwamba niliogopa baba atakataa.

Julai 6

Nimeifanya. Mama alikwenda hekaluni, nikamwita Bửu, tukaipandisha meza chumba kidogo cha juu. Bửu alianza na mzaha, akamwambia baba samahani mzee, tunakuhamishia daraja la kwanza. Tulipofika kwenye bakuli la ubani mzaha ukamwisha, akasema hilo shika wewe mwanawe. Nikalishika. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, nikasimama mara mbili ngazini kupumzika.

Mama alirudi na mfuko wa matunda ya baba. Akasimama mbele ya ukuta mtupu.

"Yuko wapi?" akauliza.

Nikasema yupo juu, ni mahali pa heshima zaidi, pana dirisha, pana hewa. Akapanda na goti lake bovu, ngazi moja moja. Alikaa huko kitambo. Aliposhuka alisema neno moja tu, tena kwa upole.

"Ukuta ule, Khiêm, upande wa pili ni choo."

Naapa sikulifikiria. Mimi, mwana wa kwanza, nimemwegemeza baba yangu kwenye choo. Nikasema ni kwa muda tu, Mama. 

Julai 7

Mama hajasema neno.

Julai 8

Hajasema. Chai anaitengeneza kama kawaida, anammiminia Diệp, birika analiacha mezani. Yangu najimiminia.

Julai 12

Leo nilidhani nimeisikia pumzi. Nikaandika jukwaani kwamba zimefunguka, na watu wakanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: hongera, masikio ya dhahabu, na kadhalika. Nikarudia wimbo. Ilikuwa feni.

Julai 20

Zimekuwa mbaya zaidi. Godoro limeondoka, hilo ni kweli, spika zimelainika. Lakini sasa kila kitu kinapiga kelele. Kinanda kinalia kama sahani zinazooshwa na mtu mwenye hasira. Nimezisogeza, nimezigeuza, nimebandika alama sakafuni. Diệp anaziruka alama zangu akifagia na anajitia hamnazo.

Agosti 3

Mvua saa nane. Kila asubuhi mama anapanda kumpa baba habari. Nasikia mguu mzima, kisha mguu wenye goti, mguu mzima, mguu wenye goti. Nimeanza kuwasha muziki kabla hajapanda ili nisisikie.

Agosti 5

Leo alisubiri mpaka wimbo ukaisha, ndipo akapanda.

Agosti 24

Mwezi wa mizimu. Hakuna anayeoa, kwa hiyo hakuna anayechapisha kadi za harusi, na duka langu liko kimya. Niko nyumbani mchana kutwa mimi na Wadenmaki. Zamani ningeona niko peponi. Nasikiliza dakika tano nazima.

Mama alimpigia simu mdogo wangu Tường, kule Cần Thơ. Nilipoingia jikoni akashusha sauti. Nilimkasirikia siku nzima: mambo ya nyumba yangu yanapelekwa Cần Thơ kwa simu! Nadhani hasira hiyo ilikuwa woga, lakini mchana niliiita hasira.

Septemba 9

Nitaandika yote.

Mvua ilianza kabla ya chakula cha mchana na mto ulikuwa umejaa, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kwenda. Uchochoro ukafurika. Saa tisa maji yalikuwa kwenye kizingiti. Mimi na Diệp tukazinyanyua spika juu ya kreti za bia, mgongo ukanilia. Turubai nyumbani ni moja tu. Nikaanza kuzifunika.

Mama akaita kutoka juu. Aliita jina langu, akasema nilete turubai, paa linavuja. Nilimsikia. Naandika hapa ili nisije kujidanganya baadaye: nilimsikia vizuri, kila neno. Nikajibu sasa hivi, Mama. Kisha nikaizungushia turubai spika ya kushoto, nikaizungushia ya kulia, nikafunga fundo, nikahakikisha fundo.

Nilipopanda, dari ilikuwa imeachia ubao mmoja na maji yanamwagika juu ya meza moja kwa moja. Matunda yalikuwa sakafuni. Mama alikuwa amelikumbatia bakuli la ubani, amelikunjia mwili wote, maji yanampiga mgongoni, ili majivu yasilowe. Picha ya baba ilikuwa imeingiwa na maji ndani ya kioo, na upande mmoja wa uso wake umekuwa doa.

Nikataka kumshika mkono. Akaniambia nishike ndoo. Tukakinga, tukafuta, Diệp akaleta taulo, hakuna aliyenilaumu. Baadaye nilishuka kuangalia sebule. Maji hayakuwahi kuvuka kizingiti. Spika zilikuwa kavu, zimefunikwa na turubai kavu.

Jioni mama alibadilisha nguo, akaja akaketi mbele yangu, kwa mara ya kwanza tangu Julai.

"Baada ya siku ya kumkumbuka baba yako, Tường atakuja kumchukua," akasema. "Na mimi nitamfuata."

Septemba 10

Watu wa nje wataona ni bakuli la majivu linahama mji. Sisi tunajua ni nini. Bakuli likitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo mkubwa akiwa hai, mkubwa huyo si mkubwa tena. Shangazi watauliza, na watajibiwa. Kila mwaka siku ya baba nitapanda basi kwenda kupiga magoti nyumbani kwa mdogo wangu. Na mama atakuwa huko, akimpa baba habari za nyumba nyingine.

Roho inaniuma mpaka basi.

Septemba 14

Mvua. Sikuwasha chochote.

Septemba 21

Kaka Vĩnh alikuja peke yake. Diệp akaleta birika, naye akalisukuma pembeni.

"Leo sinywi chai," akasema.

Nikajua atasema ukweli. Alisimama katikati ya sebule akapiga kofi moja. Likarudi kutoka ukutani kali, kwa mlio wa bati. Akaniuliza kama nimelisikia. Akaeleza polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba: ile meza, na nakshi zake, na vitambaa vyake, na matunda, ndiyo iliyokuwa inaumeza mwangwi na kuivunjavunja sauti. Sasa ukuta mtupu unanitupia kila kitu usoni. Mwezi wa sita shida haikuwa meza. Ilikuwa ugeni wa spika tu, ule ule aliotuonya, na mimi sikusubiri.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema siku ile nilikuwa chini ya paa langu, mbele ya kundi zima.

Kwa hiyo nilimpa baba kosa la spika.

Septemba 22

Mimi ni mjinga, na ujinga wangu hauna dawa.

Nilipanda ngazi nikikimbia. Mama alikuwa anapangusa picha. Nikamwambia baba anarudi sebuleni leo hii, mahali pake, kila kitu kama zamani. Nikaona uso wake unalegea. Kweli, ulilegea. Akauliza nini kimenibadilisha. Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikamweleza: mwangwi, nakshi, kofi la kaka Vĩnh.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulimtoa kwa ajili ya yale majeneza, na unamrudisha kwa ajili ya yale majeneza."

Nikasema Mama, si hivyo.

"Mwache," akasema. "Nyumbani kwa Tường hakuna spika."

Oktoba 3

Nimeziba paa mwenyewe. Mama aliona, akapita.

Oktoba 11

Fundi wa picha ameirudisha ya baba. Ameliondoa doa lakini amempa shavu ambalo hakuwa nalo. Nilikaa nayo dukani muda mrefu. Baba ndiye aliyekuwa akisoma matangazo ya kata kwenye ile spika ya bati juu ya nguzo. Alfajiri mtaa mzima uliamshwa na yeye: chanjo, takataka, umeme kukatika. Watu walimtukana kimoyomoyo na mimi nilisimama chini ya nguzo nikiwaambia wenzangu, huyo ni baba yangu. Spika ile ilikoroma, ilipiga miluzi, ilimeza nusu ya maneno. Kabla ya kila tangazo ulimsikia anavuta pumzi.

Sikuwa nimelikumbuka hilo.

Oktoba 18

Kesho ndiyo siku yake. Tường amefika mchana na kitambaa chekundu cha kufungia bakuli. Hakunitazama usoni, na sikumlaumu. Bửu naye alikuwepo, kaja na viti vya wageni.

Nikawaita wote chumba cha juu nikasema nataka kumuuliza baba kabla hajaondoka, kama nilivyopaswa kumuuliza Julai.  Mama akanipa sarafu.

Nikawasha ubani. Nikamwambia baba, mbele yao wote, kwamba nilimwegemeza kwenye choo, na kwamba siku ya mvua mama aliita na nilisikia. Tường aligeuza kichwa ghafla, hilo hakuwa analijua. Nikamwomba arudi mahali pake.

Sarafu zikalala nyuso zote mbili. Amekataa.

Nikarusha tena. Migongo yote miwili. Tường akaanza kukunjua kile kitambaa, polepole, kama mtu anayeona haya. Mara moja tu ilikuwa imebaki. Nilizishika zile sarafu mpaka zikapata joto. Nilikuwa nimemwomba baba arudi kwenye ukuta wake, na ukutani zilikuwa zimesimama spika bado, zinamsubiri azimezee mwangwi. Hata mimi ningekataa.

Nikaziweka sarafu chini, nikashuka, nikaanza kufungua nyaya. Spika kama ile haibebwi na mtu mmoja. Nikaishika ya kushoto kifuani, ikaniyumbisha, na hapo nikaona mikono mingine upande wa pili. Ilikuwa ya Tường.

"Kaka, una hakika?" akauliza.

Nikamwambia abebe. Tulizitoa sebuleni zote mbili, tukazisimamisha jikoni kati ya jiko na gunia la mchele, hapo kwanza. Kwenye kona ya mlango, spika ya pili ilikwaruza ukuta kwa sauti ambayo mwezi wa sita ingeniua. Sikuangalia.

Nikapanda. Nikarusha.

Moja uso, moja mgongo.

Mama aliinama akaitazama sahani kwa karibu, maana macho yake si mazuri, akaitazama tena. Kisha akamwambia Tường akunje kitambaa chake, na akaniambia mimi nishike bakuli. Safari hii pia halikuwa jepesi, ila sikusimama ngazini kupumzika.

Oktoba 19

Siku ya baba. Shangazi wote, majirani, na kundi zima. Supu ya karela, samaki wa mchuzi wa sukari, sebule imejaa ubani mpaka macho yanawasha. Baba yuko ukutani kwake na shavu lake jipya. Hakuna aliyeuliza lolote, kwa sababu hapakuwa na la kuuliza.

Asubuhi tulikuwa tumezipandisha spika kwenye kile chumba cha juu, mgongo kwenye ukuta wa choo. Zimebanana huko, huwezi kukaa katikati bila magoti kugusa zote mbili. Bửu akalitangaza jambo hilo mezani, basi kundi likataka kusikia. Nikawapandisha. Nikaweka ile santuri. Besi ikavuma kama pikipiki ndani ya pipa. Mwanamke akamaliza ubeti wa kwanza, tukasubiri pumzi, kidole cha kaka Vĩnh kimesimama juu ya goti, na hapo hapo shangazi yangu mmoja upande wa pili wa ukuta akavuta maji ya choo.

Hakuna aliyecheka. Adabu ni adabu. Tulishuka kwa mstari mmoja, Bửu ameuma mdomo, machozi yanamtoka. Mama alikuwa amesimama karibu na meza ya baba na birika mkononi, akawamiminia mmoja mmoja. Kaka Vĩnh akanusa kikombe chake, akanywa, akafumba macho.

"Bibi," akamwambia, "hii chai haina mfano."

Wengine wakadakia, haina mfano, haina mfano. Mama akashukuru kwa heshima zote. Kisha akanigeukia, na pembeni mwa mdomo wake pakawa na kitu ambacho sijakiona tangu Juni.

"Umesikia, mwanangu?" akasema. "Wamesifu chai."

Nikasema nimesikia, Mama. Akachukua kikombe changu akanimiminia.